Okoa Bodi Kwanza: Kuchagua Zana za Bei Nafuu za Kung'oa na Kurudishia Komponenti

Kabla hujatoa hela ya zana, pindua bodi iliyo mezani kwako uitazame upande wa chini. Ukiona miguu imepenya na kutokeza, kila mguu na tone lake la lehemu, hiyo ni kazi ya matundu: redio, amplifaya, paua saplai ya televisheni, inveta, chaja ya betri. Ukiona komponenti zote zimelala juu ya bodi na hakuna mguu uliopenya, hiyo ni kazi ya juu: simu, laptopu, king'amuzi cha siku hizi. Bodi nyingi zinazoletwa kwa fundi wa mtaani zina yote mawili, ila upande mmoja huwa umezidi, na huo ndio unaopaswa kuamua ununue nini. Fundi wa amplifaya aliyeanza na bloa ya hewa moto amekosea mpangilio wa matumizi. Fundi wa simu aliyejaza droo pampu za kunyonyea lehemu naye atazipangusa vumbi tu.

Kuna swali jingine la kujiuliza mapema: unaokoa nini? Mara nyingi komponenti unayoing'oa imekufa, na mpya yake inauzwa bei ndogo. Kisichopatikana dukani ni bodi. Pedi moja ya shaba ikibanduka, au tundu likipoteza ukuta wake wa shaba wa ndani, kazi ya dakika kumi inageuka kazi ya mchana kutwa ya kuunga vinywele vya waya. Kwa hiyo zana usiipime kwa wepesi wake wa kutoa kipande. Ipime kwa hali ya bodi baada ya kipande kutoka.

Ukilikubali hilo, zana ya kwanza ya kung'olea ni ya bei ndogo kuliko zote: koleo ndogo kali ya kukatia. Aisii ya miguu kumi na sita ikishajulikana kuwa imekufa, kata miguu yote karibu na mwili wake, tupa mwili, kisha chomoa mguu mmojammoja kwa pasi na kibano. Hakuna mvutano, hakuna mguu mmoja unaoganda wakati unayeyusha mwingine. Mafundi wengi huona aibu kukata aisii, kana kwamba ni kazi ya mwanafunzi. Mimi naona ni aibu zaidi kumrudishia mteja bodi iliyobanduka njia tatu.

Kwa nini lehemu inagoma

Lehemu ya zamani, yenye bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, huyeyuka kwenye nyuzijoto 183 za Selsiasi, na hugeuka kutoka ngumu kuwa maji papo hapo. Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulianza kutekeleza sheria ya RoHS inayobana matumizi ya risasi katika vifaa vya umeme, na viwanda vingi duniani vikahamia lehemu isiyo na risasi. Inayotumika sana ina bati asilimia 96.5, fedha 3 na shaba 0.5, nayo huyeyuka kati ya nyuzijoto 217 na 220. Ndiyo maana televisheni ya chogo ya miaka ya 1990 hufunguka kwa upole, na bodi ya laptopu hukutazama tu.

Joto la kuyeyuka lenyewe ni nusu tu ya maelezo. Nusu ya pili ni shaba pana ya ethi. Bodi ya laptopu ina matabaka kadhaa, na baadhi yake ni shaba iliyotandazwa karibu eneo zima. Mguu wa tundu la chaji uliounganishwa na shaba hiyo unapoguswa na pasi, joto halikai pale. Linakimbilia kwenye shaba. Fundi akiona lehemu haiyeyuki anazungusha kitufe hadi 450. Hapo fluksi inaungua kabla ya kufanya kazi, ncha ya pasi inakuwa nyeusi na kukataa kushika lehemu, na bodi inageuka kahawia.

Ubao wa kawaida wa nyuzinyuzi za kioo, ule uitwao FR-4, huanza kulegea kwenye nyuzijoto 130 au 140 hivi, na zile aina bora kwenye 170 na kitu. Maana yake ni kwamba kila unapolehemu, mahali pale ubao umeshalegea na pedi imebaki inashikilia kwa shida. Inayoibandua ni nguvu ya mkono wako: kuvuta kabla lehemu haijayeyuka yote, au kusugua kwa ncha. Joto la kutosha kwa muda mfupi ni salama kuliko joto haba kwa muda mrefu, kwa sababu joto haba humfanya fundi avute.

Dawa ya kwanza ya lehemu inayogoma haihitaji mashine yoyote. Weka fluksi, kisha ongeza lehemu mpya yenye risasi juu ya ile ya kiwandani. Mbili hizo zikichanganyika, mchanganyiko huyeyuka chini ya 217, na tone kubwa la maji hupeleka joto kwenye mguu vizuri kuliko ncha kavu. Inaonekana kinyume, kuongeza lehemu mahali unapotaka kuitoa, lakini ukishafanya hutaacha.

Vinavyoisha ndivyo vya kununua vizuri

Mtu akitaja zana, wengi hufikiria pasi. Mwenye fedha kidogo aanze na fluksi. Kazi yake ni kuondoa utando wa oksidi juu ya shaba na lehemu ili lehemu itiririke badala ya kunata na kuunganisha miguu miwili. Nunua ya jeli, kwenye bomba la sindano, maalumu kwa elektroniki. Soko limejaa bandia: bomba lililoandikwa Amtech NC-559 linalouzwa kwa bei ya soda, karibu hakika halijawahi kufika kiwanda cha Amtech. Hata hivyo si kila bandia haifai kazi. Ipime mwenyewe. Paka kidogo kwenye kipande cha bodi yenye shaba wazi, yeyusha lehemu juu yake, kisha iache bila kusafisha kwa wiki moja. Inayotandaa vizuri na kubaki na rangi ya manjano angavu unaweza kuitumia. Inayorukaruka kwa mlio, inayogeuka lami nyeusi, au inayoacha ukijani kwenye shaba, itupe.

Usitumie kamwe tindikali ya mafundi wa rejeta na mabati, wala dawa ya kopo iliyoandikwa kuwa ni ya mabomba ya maji. Inashika lehemu kwa haraka ya kushangaza, ndiyo inayowadanganya watu. Lakini ina kloridi ya zinki, na mabaki yake huendelea kula njia za shaba miezi baada ya mteja kuondoka. Ukikosa fluksi kabisa, utomvu mgumu wa msonobari, ule ambao wapiga fidla husugulia upinde, ukisagwa na kuyeyushwa katika alkoholi ya isopropili hutoa fluksi ya maji nzuri kabisa. Huo ndio msingi wa fluksi nyingi za zamani.

Waya wa lehemu nao una hadithi yake. Chukua wenye bati 63 na risasi 37, unene wa milimita 0.6 hadi 0.8, wenye fluksi ndani. Ule wa 60 kwa 40 haukosi kitu kikubwa. Mbaya ni ule usioandikwa chochote, au ulioandikwa 63/37 huku bati limepunguzwa kwa sababu bati ndiyo ghali. Ukimwomba muuzaji akuyeyushie kidogo, lehemu ya kweli huganda ghafla na kubaki inang'aa. Iliyopunguzwa bati hupita kwanza hatua ya uji mzito, kisha huganda ikiwa na chembechembe. Angalizo: lehemu isiyo na risasi kwa kawaida huwa na uso uliofifia kidogo, basi usiihukumu kwa kung'aa peke yake.

Utambi wa shaba ndio unaosafisha pedi baada ya kipande kutoka. Upana wa milimita 2 au 3 unatosha kazi nyingi. Utambi wa bei ya chini mara nyingi hauna fluksi ya kutosha, au umeshaota oksidi kwenye kifungashio, na hapo ndipo mtu husema utambi ni takataka. Paka fluksi yako juu yake, ujaribu tena kabla hujaulaani. Weka utambi juu ya pedi, pasi juu ya utambi, subiri uone lehemu ikipanda, kisha inua vyote viwili pamoja. Ukiinua pasi kwanza, utambi unaganda, nawe unavuta pedi.

Watu hutumia pia msuko wa ndani wa kebo ya antena badala ya utambi. Inawezekana, kwa sharti moja: msuko uwe wa shaba. Kebo nyingi za televisheni za siku hizi zina msuko wa alumini, na huo hautanyonya kitu hata uumwagie fluksi kopo zima. Ukwangue kwa wembe kabla hujanunua mita kumi.

Kusafishia, tafuta alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu na mswaki uliokatwa nywele fupi. Tina ya rangi hula plastiki na maandishi ya bodi. Petroli mezani penye pasi ya moto sihitaji kuieleza.

Pasi: usidanganywe na wati

Pasi ya bei ya chini kabisa ni ile ya wati 30 au 40 inayochomekwa moja kwa moja ukutani, isiyo na kidhibiti. Ikikaa bila kazi hupanda joto bila kikomo cha maana. Ikigusa shaba pana hushuka na kukwama. Kwa kuunga waya wa spika inatosha. Kwa kung'oa komponenti ni adui wa pedi.

Hatua inayofuata ni pasi yenye kitufe kwenye mpini, wati 60, inayouzwa karibu kila duka la vifaa vya elektroniki kuanzia Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi Luthuli Avenue jijini Nairobi. Hii ni afadhali, mradi ujue kwamba namba zilizoandikwa kwenye kitufe ni makadirio ya jumla tu. Kama bajeti yako inaishia hapo, ichukue, na ongezea ncha ya bapa, kama ya bisibisi, ya upana wa milimita 2 au 3. Ncha ya sindano inayokuja nayo ndiyo inayowafanya watu waone pasi ni mbovu. Inagusa eneo dogo mno, joto halipiti.

Sasa tuje kwenye wati. Stesheni za kulehemu za muundo wa Hakko 936, ambazo zimenakiliwa na viwanda vingi vya China, zina hita ya kauri iliyochomekwa ndani ya ncha yenye uwazi. Kati ya hita na ncha kuna hewa, na sensa iko kwenye hita, mbali na kazi. Katriji za muundo wa T12, pia za asili ya Hakko, zimeunganisha hita, sensa na ncha kuwa kitu kimoja. Ncha ikigusa shaba pana na kupoa, sensa inajua mara moja na umeme unaongezwa. Kwa hiyo pasi mbili zinaweza kuandikwa wati zinazokaribiana, moja ikafungua tundu la chaji na nyingine ikashindwa. Ukipata stesheni ya T12 ya nakala kwa bei iliyozidi kidogo ile ya 936 ya nakala, usisite: chukua T12.

Kuna njia nyingine inayonivutia zaidi kwa mazingira yetu ya umeme wa kukatikakatika: pasi ndogo za umeme wa betri, mfano Pinecil ya Pine64, inayouzwa karibu dola 26 kabla ya usafirishaji, au TS100 iliyotangulia. Zinatumia ncha za muundo mmoja, zenye hita ndani. Uzuri wake, na mtego wake, uko kwenye volti. Ncha ya kawaida ina ukinzani wa karibu omu 8. Zidisha volti kwa volti, gawa kwa 8. Kwa volti 12 unapata wati 18 tu. Kwa volti 19, wati 45. Kwa volti 24, wati 72. Anayeiunganisha na betri ya gari au ya sola ya volti 12 kisha akalalamika haina nguvu, amejibiwa na hesabu. Chaja ya kawaida ya simu nayo haitoshi.

Suluhisho limelala kwenye sanduku la vyuma chakavu: chaja nzima ya laptopu iliyokufa, volti 19, yenye plagi ya duara. Hakikisha kwa multimita kwamba katikati ni chanya, na kwamba plagi inaingia bila kulegea. Kwa chaja hiyo peke yake umepata pasi inayokaribia stesheni kwa sehemu ya bei yake. Ukiunganisha betri mbili za volti 12 kwa mfululizo, kumbuka kwamba zikiwa zinachajiwa hufika karibu volti 29, juu ya kiwango cha pasi hizi. Zitumie zikiwa zimetolewa kwenye chaji.

Na ethi je? Adapta zenye pini mbili huvujisha umeme kidogo unaoweza kuusikia ukichonyota kwenye kidole, na chipu nyepesi zinaweza kuumia. Baadhi ya pasi hizi zina skrubu ya kufungia waya wa ethi, itumie. Kwa stesheni ya ukutani, pima kwa multimita kati ya ncha na pini ya ethi ya plagi. Usomaji wa omu chache ni sawa. Isiposoma kitu, ethi haijaunganishwa, na hilo katika nakala za bei ya chini si ajabu.

Kuhusu stesheni za asili, Hakko FX-888D au zile za JBC ya Hispania: ni nzuri, na siku kazi ikikulipa utanunua. Ila fundi mwenye T12 ya nakala, fluksi nzuri na ncha ya bapa atafanya kazi safi kuliko mwenye JBC na waya wa lehemu wa kuokoteza.

Pampu, sindano na bunduki

Kwa kazi ya matundu, pampu ya mkono yenye springi ndiyo rafiki. Tofauti kubwa kati ya pampu ya kawaida na Engineer SS-02 ya Japani ni kipande cha mrija wa silikoni kwenye mdomo wake. Mrija ule hukaa sawasawa juu ya mguu bila kuacha hewa ipite, na pampu ikiruka haigongi pedi. Ukiwa na pampu ya kawaida, chomeka kipande kifupi cha mrija wa silikoni kwenye pua yake na utapata sehemu kubwa ya faida hiyo. Uwe wa silikoni kweli. Mrija wa plastiki ya kawaida utayeyuka siku ya kwanza.

Pampu za kawaida za bei ndogo zina springi kali mno, nazo hurudi nyuma kwa kishindo. Zijaribu dukani: ziba pua kwa kidole, bonyeza kitufe. Mvuto ukikishika kidole kwa sekunde kadhaa, mpira wake wa ndani ni mzima.

Zana nyingine isiyosifiwa vya kutosha ni sindano butu zenye uwazi, za chuma cha pua. Lehemu haishiki kwenye chuma cha pua. Unavisha sindano kwenye mguu, unayeyusha, unaizungusha hadi izame ndani ya tundu, unaondoa pasi na kuendelea kuzungusha hadi lehemu igande. Mguu unabaki huru, umetenganishwa na ukuta wa tundu. Seti yenye saizi kadhaa ni ya bei ndogo. Sindano mpya za hospitali zilizosagwa ncha pia hufaa, ila zisiwe zimetumika.

Bunduki ya kunyonyea lehemu yenye hita na pampu ya umeme, kama Hakko FR-301, ni raha ya kweli, na bei yake inazidi dola 250. Zipo za bei ya chini zaidi, na hizo huziba mara kwa mara. Usipozisafisha kila baada ya kazi, asubuhi inayofuata hazivuti. Kama hufungui bodi za matundu kila siku, achana nazo.

Bloa

Kwa komponenti za juu zenye miguu upande mmoja au pande mbili, bado hujalazimika kununua bloa. Rezista na kapasita ndogo hutoka kwa pasi mbili, moja kila mwisho, au kwa ncha pana iliyobeba tone kubwa linalofunika pande zote mbili. Aisii ndogo ya miguu minane hutoka ukifurikisha lehemu kwenye safu zote mbili na kuhamisha pasi huku na huku hadi iteleze. Kuna pia lehemu ya bati na bismathi, inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 138, inayopatikana kama uji kwenye maduka ya vifaa vya fundi simu. Ikichanganywa na ya zamani hubaki maji muda mrefu, na chipu hutoka bila haraka. Lakini futa mabaki yake yote kwa utambi kabla ya kulehemu kipya. Bismathi ikikutana na risasi huacha mchanganyiko unaoweza kuanza kuyeyuka karibu na nyuzijoto 96, na kifaa kinachopata moto hakitadumu na kiungo kama hicho.

Aisii za miguu pande nne, matundu ya chaji ya simu, na chipu zenye pedi tumboni ndizo zinazodai hewa moto. Bloa ya kuanzia ni ile ya muundo wa 858D, wati 700 hivi, feni ikiwa ndani ya mpini, kwa bei ya kati ya dola 30 na 60. Inafanya kazi. Ikilinganishwa na Quick 861DW ya wati 1,000 inayozidi dola 200, itachelewa kwenye bodi nene, nawe utaisaidia kwa kuipasha bodi joto kwanza kutoka chini. Bunduki ya kubandulia rangi isikushawishi kwa bei yake. Upepo wake hauna adabu, utapeperusha vipande vidogo vyote vya jirani.

Kabla hujawasha 858D kwa mara ya kwanza, fungua kasha lake ikiwa imechomolewa. Baadhi ya nakala hufika waya wa ethi haukubanwa, skrubu ya transfoma imelegea, au fyuzi na swichi vimewekwa kwenye waya wa nyutro badala ya waya wa laivu. Kama hujui kuvitambua, mpe anayejua. Hakikisha pia imeandikwa volti 220 au 230. Za soko la Marekani za volti 110 huingia mizigoni bila mtu kugundua.

Ukiitumia, anza na nyuzijoto 350 na upepo wa kati, pua sentimita moja au mbili juu ya kipande, mkono ukizunguka daima. Namba kwenye kioo ni ya hewa inayotoka kwenye pua, na bodi hupata pungufu. Funika jirani kwa tepu ya poliimaidi, ile ya rangi ya kahawia ya dhahabu, na kapasita za kopo ziwekee ngao ya karatasi ya alumini, maana zikipata moto hupasuka. Betri itoke kabla ya chochote. Gusa kipande kwa kibano kidogo tu. Kikicheza na kurudi mahali pake chenyewe, lehemu imeyeyuka yote na sasa kinyanyue. Ukimaliza rudisha mpini kwenye kishikio, uache feni ipoze hita, ndipo uzime.

Mashine za mbili kwa moja, pasi na bloa katika kasha moja, zinavutia kwa bei. Nazikubali kwa aliyebanwa na nafasi ya meza. Kwa mwingine sizishauri, maana pasi ya mashine hizo kwa kawaida ni ya muundo wa 936 wenye hita mbali na ncha, na siku kasha likifa umepoteza vyote kwa mpigo. Kuhusu kubadilisha mipira ya lehemu chini ya chipu za simu, hiyo ina zana zake za kupasha bodi, vibao vya matundu na hadubini. Usiihesabu katika manunuzi ya mwanzo.

Meza na mwili wako

Kioo cha kukuzia chenye taa, kibano kimoja kilichonyooka na kimoja cha kupinda, multimita yenye mlio wa kupima mwendelezo: hivi vinatosha. Fungua dirisha, na feni ndogo iuvute moshi mbali nawe badala ya kukupulizia usoni. Moshi huo ni wa fluksi, na huchokoza pumu. Risasi yenyewe haipandi hewani kwa joto la pasi. Huingia mwilini kwa vidole, basi nawa mikono kabla ya kula, usile mezani hapo, na watoto wasichezee vipande vya waya. Paua saplai inayotumia umeme wa volti 230 huhifadhi karibu volti 325 kwenye kapasita yake kubwa hata baada ya kuchomolewa. Pima, toa chaji kwa rezista, pima tena, ndipo uweke pasi.

Kisha nenda kwa wauza vyuma chakavu ununue bodi mbovu za kilo: moja ya televisheni ya chogo, moja ya king'amuzi, moja ya laptopu. Ng'oa komponenti zake, safisha pedi, zirudishie, zing'oe tena. Bodi ya mteja iguse siku utakapoweza kuing'oa na kuirudishia aisii ileile mara mbili bila pedi hata moja kubanduka.